Marashi Ndani ya Tangi la Dizeli

Kwa miaka saba gari letu lilikaa uani kwetu Kambi Muru, chini ya mabati mawili niliyoyaegemeza ukutani, na katika miaka hiyo lilifanya kila kazi isipokuwa kwenda. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Mke wangu alianika bamia juu ya boneti, maana bati lile lilishika joto la jua vizuri kuliko ungo. Mimi niliweka humo mbao za zamani za madrasa, na mvua ilipokuja ghafla wapangaji walikimbiza humo nguo zao mbichi.

Ni gari refu la dizeli, lenye mlango wa nyuma wa kupakilia mizigo na kiti cha nyuma kipana ambacho mtu mzima anaweza kukilalia. Lilipokuwa zima lilikuwa la mtaa zaidi ya kuwa langu. Lilipeleka mabibi harusi, lilipeleka maiti makaburini, lilipeleka akina mama walioshikwa na uchungu. Baadhi ya vijana wanaonipita leo wakisema "Sasa, Maalim," bila hata kusimama, walifika hospitali mara ya kwanza ndani ya gari lile, wakiwa bado tumboni, mimi nimeshika usukani na mama zao wananitukana kwa kila shimo. Siwakumbushi.

Kisha asubuhi moja likaanza kukohoa. Likatoa moshi mweupe, likanguruma na kunyamaza, likanguruma na kunyamaza, na baada ya siku tatu likakataa kabisa. Nilikuwa na miaka sitini na saba. Nikasema alhamdulillah, limetumika vya kutosha, tukaliacha lipumzike.

Nisingelifikiria tena, lau si goti la mke wangu na ulimi wa mdogo wake.

Goti liliumia miaka miwili iliyopita. Aliteleza kwenye kizingiti cha jikoni, na mguu wa kulia ukapona ukiwa umenyooka, haukunjiki tena. Ndani ya nyumba anatembea kwa fimbo, taratibu, na anaamuru kama zamani. Kutoka nje ndiko kulikokuwa shida. Tulijaribu teksi mara moja. Aliingia yeye, mguu ukabaki nje.

"Mathe, rudi nyuma kidogo," dereva akamwambia.

"Nyuma ni wapi, mwanangu?" mke wangu akamjibu. "Mgongo wangu umeshika mlango wa pili."

Magari makubwa ya kukodi hayapindi kona ya kichochoro chetu, na ili ayafuate barabarani ingebidi abebwe. Hilo alilikataa. Alisema atabebwa mara moja tu maishani, siku ambayo hatajua kwamba anabebwa.

Alivumilia kwa sababu ya simu. Mdogo wake anakaa Kawangware, na kila siku baada ya sala ya alfajiri walikuwa wakizungumza mpaka chai ipoe: nani ameolewa, nani ameuza kiwanja, nani hajui kupika. Halafu mdogo wake akapatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalegea na maneno yakakatika. Binti yake alimwekea simu sikioni kama kawaida, na mke wangu akaongea peke yake, upande wa pili kukisikika pumzi tu. Siku ya nne akaiweka simu mezani akaitazama.

"Hii haina kazi tena," alisema. "Nikiwa simwoni uso, sijui kama ananisikia."

Jumapili moja binti huyo akapiga kutoa habari. Mama yake atahamishiwa Kisumu kwa mwanawe mkubwa, kwenye nyumba isiyo na ngazi, kwa sababu pale Kawangware wanakaa ghorofa ya tatu. Safari ni Jumapili ijayo, alfajiri. Mke wangu ana miaka sabini na mmoja, na mdogo wake anamfuata kwa miwili. Hakuna aliyesema tulichokuwa tukikifikiria wote: Kisumu ni mbali, na hao wawili hawana miaka ya kungojana.

Nilitoka uani, nikawafukuza kuku, nikakaa kwenye kiti cha dereva. Nilipotazama nyuma niliona kile kiti kipana. Mke wangu angeweza kukaa upande upande, akanyoosha mguu wake wote, na bado nafasi ingebaki. Na kona ya kichochoro ninaijua. Nimeipinda kwa gari hili miaka ishirini.

Nikarudi ndani. "Nikilifufua gari, utapanda?"

Kulikuwa na kitu usoni mwake ambacho sikukielewa siku hiyo. "Ghorofa ya tatu siiwezi," alisema. "Lakini nifikishe chini ya nyumba yake. Mengine Mungu anajua."

*

Fundi alikuja Jumatatu kutoka Kawangware, kwa bodaboda, amepakata mkoba wa spana kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ni mtu wa ziwani, wa miaka hamsini na kitu, Mkristo anayeshika Sabato. Dizeli ndiyo kazi yake. Gari la petroli ukimpelekea hulitazama kama mpishi aliyeletewa chai ya mifuko.

Alizunguka gari mara mbili. Akafungua mlango, akatoa yai.

"Maalim, hii yai ni ya gari ama ni yangu?"

"Likinguruma, chukua na kuku."

Akacheka. Akatia spana kubwa mbele ya injini, akavuta kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimesimama na tasbihi yangu. Injini ikasogea. Akavuta tena, ikazunguka mzunguko mzima.

"Haijashika," alisema. "Miaka saba na vyuma havijagandana. Nani anakuombea?"

"Najiombea mwenyewe."

"Endelea hivyo hivyo."

Siku hiyo na asubuhi ya pili alibadilisha oili, akabadilisha filta, akafungua breki zote nne akazisafisha, akajaza upepo magurudumu, akaleta betri ya kuazima kutoka karakana yake. Mimi nilikwenda kukata bima ya mwezi mmoja na kuhuisha leseni yangu. Sikutaka kuanza jambo la heri kwa kumkwepa polisi. Jumanne adhuhuri akageuza ufunguo. Injini ikazunguka vizuri, kwa nguvu, lakini haikuwaka. Akajaribu tena, hola. Akalala chini ya gari, akafungua nati iliyo chini ya tangi ili kutazama dizeli iliyobaki.

Kisha nikamsikia akinusa.

"Maalim. Kuja uone hii kitu."

Nikainama kadiri ya mgongo wangu. Ndani ya beseni kulikuwa na dizeli kidogo nyeusi ikielea juu, na chini yake maji mengi. Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya manjano iliyofifia.

"Maji kuingia kwa tangi si ajabu," fundi alisema. "Mvua inaingia. Lakini miaka yangu yote sijaona mvua ya manjano. Halafu nusa."

Nikanusa. Nikasimama wima, nikashika ukingo wa boneti.

Yalikuwa marashi ya waridi.

Wasomaji wanaojua desturi yetu wamekwisha kuelewa. Kwa asiyejua, ni hivi: mtu akiugua, mwalimu wa dini huandika aya za Kurani kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, kisha huyaosha maandishi hayo kwa maji na marashi ya waridi, na mgonjwa huyanywa yale maji. Tunaita kombe. Mimi nimeandika makombe kwa zaidi ya miaka arobaini. Na katika miaka miwili ile nilikuwa nimemwandikia mke wangu mengi kwa ajili ya goti lake.

Nitasema na jambo ambalo sikumwambia mtu wakati huo. Makombe yale yalikuwa yamenisumbua moyo. Niliwaandikia wengine wakaja kunishukuru, na huyu niliyeishi naye miaka hamsini hakuona hata nafuu ndogo. Kuponya ni kwa Mungu, hilo nalifundisha watoto wadogo. Lakini nilijiuliza kama mkono wangu unaandika na moyo wangu uko kwingine, kama nimezoea maneno matakatifu jinsi mtu anavyozoea mlango wa nyumba yake. Kila sahani iliyofuata niliiandika kwa wasiwasi zaidi.

Niliingia ndani. Mke wangu alikuwa akichambua mchele, na hakuinua kichwa.

"Fundi amefungua tangi," nikasema.

"Nimesikia."

"Amekuta maji."

"Maji huingia."

"Yananukia waridi."

Akaweka ungo pembeni. Alikaa hivyo, mikono juu ya mapaja, kama msichana aliye mbele ya baba yake.

"Lilipoanza kukohoa," alisema, "wewe ulikuwa umeniandikia kombe la mgongo. Nikaona mgongo wangu unaweza kungoja. Gari ndilo lililokuwa linakupa heshima mtaani, na nilikuona unavyolizunguka usiseme neno. Nikalipa gari linywe, pale linaponywea."

"Na siku ya tatu likazima."

"Likazima." Sauti yake ikapungua. "Miaka saba nimeogopa kukwambia. Niliona nimeliua."

"Na la goti?"

Akauvuta tena ungo, akachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

"Mama, la goti ulikunywa?"

"Nilifikiri la kwanza halikutosha," alisema. "Goti likipona nitatembea mpaka barabarani, basi. Gari likipona nitafika Kawangware. Nikaona heri nilitibu gari."

"Mangapi?"

"Yote."

Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango. Nilitaka kukasirika, na nilikuwa na sababu, lakini kicheko kilinijia kutoka mahali pa mbali, kikanishika mbavu mpaka kofia ikaanguka. Yeye akaniangalia kwa hofu, kisha akaanza naye. Tulicheka vile ambavyo watu wa umri wetu hawatakiwi kucheka. Mzigo wangu wa miaka miwili uliniondokea pale pale. Hakuwa ameonja hata tone! Nilikuwa nimejihukumu kwa dawa iliyonywewa na gari.

Fundi alisimama mlangoni akifuta mikono. Tulipomweleza alifikiri kidogo, kwa heshima kabisa, maana ni mtu anayeheshimu mambo ya dini hata yasiyo yake.

"Basi mathe," alisema, "kumbe maombi yalifika tangini. Shida ni kwamba yalifika na maji."

*

Maji yalikuwa yamefika kwenye pampu ya dizeli, ile inayogawa mafuta kwa injini. Fundi aliing'oa Jumatano, akaziba matundu yake kwa vitambaa safi, akaenda nayo Kawangware. Alisema ikiwa kutu imeingia ndani sana, hiyo ndiyo habari yetu imekwisha, pampu ya aina ile haipatikani kwa wiki moja.

Alhamisi sikuweza kukaa nyumbani. Nilimfuata. Karakana yake iko nyuma ya safu ya maduka, ukielekea Riruta, na ndani yake kuna meza moja iliyotandikwa shuka jeupe. Pampu ilikuwa juu ya shuka, imefumuliwa, kila kipande kimepangwa kwa mstari.

"Hapa hata Maalim haruhusiwi kupiga chafya," alinionya.

Alikuwa akisugua kijiti kidogo cha chuma, chembamba kuliko kidole changu cha mwisho, akikitumbukiza kwenye dizeli safi na kukiinua kwenye mwanga. Alinieleza kwamba filta ya zamani ndiyo iliyotuokoa, ilizuia maji mengi mpaka ikaoza yenyewe. Yaliyopita yalikuwa machache. Kutu ipo, lakini ya juu juu. Nozeli mbili, vile vinyunyizio vinavyopuliza dizeli ndani ya injini, zilikuwa zimekufa. Mbili nyingine alizipata kwa wauza vyuma chakavu.

Kwa kuwa nilikuwa karibu, nilikwenda kumwona shemeji yangu. Nilipanda zile ngazi nikipumzika kila sakafu. Alikuwa ameegemezwa mito karibu na dirisha, na binti yake akamwambia kwa sauti, "Mama, wageni." Akageuka. Alipoona kanzu yangu uso wake uliwaka upande mmoja, ule unaofanya kazi. Kisha macho yake yakanipita, yakaenda mlangoni nyuma yangu, yakangoja hapo.

"Bado hajaja," nilimwambia. "Atakuja, inshallah."

Hakuyaondoa macho mlangoni. Nilikaa naye nusu saa, na sikuwahi kuona mtu akingoja kwa utulivu mkubwa namna ile. Nilishuka ngazi nikiwa nimepata haraka ambayo sikuwa nayo nilipopanda.

*

Ijumaa fundi alirudi na pampu nzima. Alitia dizeli mpya kwenye tangi alilokwisha kulisafisha, akaanza kufunga tangu asubuhi. Adhana ya adhuhuri ilipoanza, mimi bado nilikuwa nimeshika taa namwangazia.

"Maalim, unaitwa," alisema bila kutoa kichwa chini ya boneti.

"Nimesikia. Dakika moja."

"Hapana, nenda. Spana hazitoroki. Hiyo ni siku yako."

Nikaenda. Niliporudi alikuwa ameendelea, lakini nati moja ilikataa, na bomba moja likahitaji kunyooshwa. Jua lilipoanza kugusa mabati ya paa alikuwa amekwisha kufunga kila kitu. Kilichobaki ni kutoa hewa ndani ya mabomba, maana dizeli iliyochanganyika na hewa haiwaki. Alitazama juu, akaanza kufuta spana moja moja na kuzirudisha mkobani.

"Imebaki kazi ya muda gani?" nilimuuliza, ingawa nilijua jibu lingeniuma.

"Nusu saa, Maalim. Lakini Sabato inaingia, na nusu saa sina."

Mke wangu alikuwa kizingitini na fimbo yake. Safari ya Kisumu ilikuwa Jumapili alfajiri, hivyo kesho ndiyo ilikuwa siku pekee, na kesho fundi angekuwa kanisani.

Nilijua la kumwambia. Nimesoma, na si vitabu vyetu peke yake. Ninaijua hoja ya Injili kwamba mnyama aliyetumbukia shimoni hutolewa hata siku ya Sabato. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Nikakumbuka alivyonifukuza kwenda msikitini mchana ule. Nikaimeza.

"Nenda kwa amani," nikamwambia. "Umefanya kazi ya mtu mwaminifu."

Alisita, mkoba begani. Akatazama jua, akamtazama mke wangu. Kisha akaushusha mkoba.

"Sabato ni yangu," alisema. "Si yako. Kesho wewe mikono yako iko huru, ama?"

"Iko huru, lakini haijui."

"Nina dakika kumi za kuifundisha. Mathe, uko na kitu ya rangi hapo ndani?"

Mke wangu akatoa bakuli la hina iliyokorogwa. Fundi akachovya njiti, akatia nukta moja kwenye nati ya filta, nukta mbili kwenye nati ya pampu, nukta tatu kwenye kila moja ya zile nati nne za mabomba. Akanionyesha: legeza ya nukta moja, bonyeza pampu ndogo ya mkono, povu litatoka, endelea mpaka dizeli itoke safi kama maji ya mfereji, kisha kaza huku bado umebonyeza. Halafu ya nukta mbili, vivyo hivyo. Halafu legeza zile za nukta tatu, mtu azungushe injini kwa ufunguo, dizeli ikiruka, kaza zote. Akanifanya nirudie mara tatu kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Na ukigeuza ufunguo usiwashe papo hapo. Geuza nusu, ngoja ipate joto. Hesabu pole pole hadi kumi na tano. Ikiwaka, usiizime mpaka ufike."

Akaacha spana mbili juu ya boneti, akaondoka mbio kuliko nilivyodhani mtu wa umri wake anaweza.

*

Jumamosi tulisali alfajiri, tukanywa chai, tukangoja mwanga utoshe. Mke wangu alivaa gurubaba yake ya sherehe, vazi la wanawake wetu wa Kinubi, kabla hata sijashika spana. Nilimwambia avae tukiona gari limewaka. Akasema haliwaki kwa mtu aliyevaa nguo za jikoni.

Nukta moja. Nilibonyeza, povu likatoka, likatoka, likatoka, kidole gumba kikafa ganzi. Kisha dizeli ikateremka safi juu ya mkono wangu, na nikasikia furaha ya mtu aliyepata maji kisimani. Nikakaza. Nukta mbili. Wapangaji walikuwa wameanza kukusanyika na miswaki midomoni.

"Maalim amekuwa fundi!" mmoja akasema.

"Mwache, akimaliza atatusomea injini."

Kwa nukta tatu nilihitaji mtu wa ufunguo. Mke wangu alikuwa ameshasimama kando ya mlango wa dereva, amejiegemeza, mkono umeingia dirishani. Hakuna aliyethubutu kumwambia apishe. Alizungusha, dizeli ikaruka kwenye kanzu yangu, nikakaza nati zote nne.

"Sasa geuza nusu," nikamwambia. "Hesabu hadi kumi na tano."

"Nihesabu au nisome?"

"Soma."

Akasoma sura ya Kulhuwallahu mara tatu, polepole, kila herufi mahali pake, kama nilivyomfundisha alipokuwa mchumba wangu. Alipomaliza ya tatu akasema bismillahi na kugeuza. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikakohoa mara moja.

"Limesema," mke wangu akasema.

Akarudia yote tangu mwanzo: nusu, Kulhuwallahu tatu, bismillahi. Likakohoa mara mbili, likatetemeka, likatema wingu jeupe lililowafunika wapangaji wote, na kisha likawaka. Likawaka kwa ile sauti yake ya zamani, nzito, ya kugonga gonga, niliyodhani nimeisahau. Kuku waliruka ukuta. Mwanamke anayekaanga mandazi nje ya lango letu akapiga kigelegele, wa pili akampokea, kikaenda kichochoro kizima hadi sikujua kinapoishia. Mimi nilisujudu hapo hapo kwenye udongo wenye dizeli. Nilipoinuka mke wangu bado alikuwa ameushikilia ufunguo kwa nguvu, kana kwamba akiuachia litazima, na machozi yanamteremka bila yeye kuyajali.

Alipanda mwenyewe. Aliingiza mgongo kwanza, akajivuta, mguu ukafuata, ukanyooka juu ya kile kiti mpaka mwisho, na nafasi ikabaki.

"Hapa ndipo nyuma," alisema.

Mwenye mandazi alihamisha jiko lake na karai la mafuta ya moto ili tupite. Watu walikunja vioo vya pembeni, wakainua kamba za nguo kwa fito, na kwenye kona nikasimama, nikarudi hatua moja, nikapinda. Ukuta ulibaki kiganja kimoja kila upande, kama miaka ile. Tukatoka. Tukapita Kianda, tukashika barabara ya Ngong, tukaingia barabara ya Naivasha, na mke wangu, ambaye hakuwa ameona barabara kwa miaka miwili, alinisomea kila kibao cha duka kana kwamba mimi ndiye nisiyetoka.

Karibu na Kawangware tulipita kanisa la mabati lililokuwa likiimba. Nikapunguza mwendo kwa adabu. Kabla hatujalimaliza, mtu wa shati jeupe na tai akatoka mlangoni, akasimama ngazini, ameinamisha kichwa akisikiliza. Alikuwa fundi wetu. Alivuka mpaka dirishani kwangu.

"Nimeisikia nikiwa kwa wimbo wa pili," alisema. "Nikajua tu." Akasikiliza tena. "Nozeli ya tatu inagonga kidogo. Jumatatu nitakuja."

"Leo huruhusiwi kusikia hilo," nikamwambia.

"Kusikia si kazi, Maalim." Akachungulia nyuma. "Mathe, umependeza!"

"Nenda ukaimbe, mwanangu," mke wangu akamwambia. "Mungu akulipe kwa lugha zote unazomwomba."

Tulisimama chini ya lile jengo, gari likinguruma, maana sikuthubutu kulizima. Mke wangu alizitazama ngazi, akatazama juu hadi ghorofa ya tatu. Nilikuwa bado nafikiri la kufanya, lakini huko juu walikuwa wametuona. Nilisikia sauti za watu wakielekezana, "Pole pole, shika huko," na kutoka kwenye ngazi wakatokea majirani wanne wamebeba kiti cha plastiki, na juu ya kiti, amefungwa leso asianguke, shemeji yangu. Yeye hakujali kubebwa. Alikuwa amenyoosha mkono wake mzima mbele tangu ghorofa ya kwanza.

Tulimwingiza kwenye kiti cha nyuma, kando ya ule mguu ulionyooka. Nilirudi kwenye usukani nikatazama mbele, maana kuna mambo ambayo mwanamume anapaswa kuyapa mgongo. Nilisikia mke wangu akimsalimia kwa Kinubi, akimwita kwa jina la utotoni. Upande wa pili kulikuwa na pumzi tu, kama kwenye simu. Lakini kiooni niliona ule mkono mzima ukimpapasa dada yake usoni, ukashuka begani, ukafika gotini, ukakaa hapo.

"Unauliza goti?" mke wangu akasema. "Subiri nikwambie habari ya goti."

Akamsogelea sikioni. Injini ilikuwa na kelele na sikusikia neno hata moja, ila nilijua anasimulia nini, kwa sababu mara mbili alininyooshea kidole mgongoni na mara moja akaigiza mtu anayemimina kitu kwenye tundu. Shemeji yangu alisikiliza macho yamemtoka. Kisha akainama kwenye kiti, akanusa kitambaa cha kiti akitafuta harufu ya waridi, akanusa tena.

Sauti iliyomtoka haikuwa neno. Ilianzia chini kifuani, ikapanda ikikwama kwama, ikakatika, ikaanza upya, kama injini yetu asubuhi ile, na ilipowaka ilikuwa kicheko, kikubwa, cha yule msichana ninayemkumbuka akimcheka dada yake siku ya harusi yetu. Binti yake alisimama nje ya dirisha, mkono mdomoni. Tangu kiharusi hakuwa ametoa sauti.

"Ananisikia," mke wangu alisema, akanigonga bega kwa fimbo. "Umeona? Ananisikia! Endesha, Maalim. Mpaka Riruta na kurudi. Usizime."

Nikatia gea, nikaendesha.